Damu ya mfuko na moyo mchanga: jinsi ya kupunguza uvimbe mtoto anapoendeshwa na mashine

Kila kundi jipya linapoingia thieta ya moyo, maswali huwa yale yale. Je, damu iwe ya siku ngapi? Baba amejitolea, tuchukue yake ikiwa bado moto? Si tumpe tu mtoto steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yaishe? Mwongozo huu ni wako wewe uliyeanza juzi kuandaa mashine ya moyo na mapafu (inayozungusha damu na kuitia oksijeni moyo ukipasuliwa; hiyo ndiyo tunayoita "kuendesha"), au muuguzi wa thieta unayetumwa benki ya damu ukiwa na karatasi mkononi. Dozi na mipaka iliyomo ni ya kawaida kwenye kazi hii. Kama hospitali yako ina itifaki yake, fuata hiyo, na uamuzi wa mwisho ni wa daktari wa usingizi na mpasuaji.

Uvimbe tunaousema hapa si nundu. Ni mwili mzima kuwaka: mishipa midogo inavuja, mapafu yanalowa, figo zinalegea, mtoto anavimba uso na kifua hakifungiki. Sehemu ya moto huo huwashwa na mashine yenyewe, kwa sababu damu inagusa plastiki. Sehemu nyingine hutoka kwenye mfuko wa damu. Chembe nyekundu zikikaa kwenye friji huvujisha potasiamu, nyingine hupasuka na kumwaga hemoglobini, na chembe nyeupe zilizoachwa humo huendelea kutoa saitokini, yaani kemikali zinazochochea uvimbe. Mtu mzima akipewa mfuko mmoja, hilo ni tone baharini. Mtoto wa kilo 5 ana damu ml 400 tu mwilini, kwa hiyo mfuko huohuo kwake ni mafuriko.

Mpangilio wa kazi ni huu: punguza, chagua, osha, chuja. Dawa huja baada ya hayo yote. Wengi huanzia kwenye dawa.

Viwe tayari kabla hujaanza

- Uzito wa mtoto wa leo, si ule wa kliniki ya mwezi jana. Hematokriti ya leo pia, yaani asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu.
- Kundi la damu na kipimo cha ulinganifu. Mtoto akiwa chini ya miezi 4, pima pia damu ya mama, maana kingamwili zilizo mwilini mwa mtoto mara nyingi ni za mama.
- Majibu ya kipimo cha selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu zenye umbo la mundu).
- Jibu la swali moja kwa daktari wa moyo: kuna shaka ya kasoro ya kromosomu ya 22, inayoweza kudhoofisha kinga ya mtoto? Shaka huwa kubwa mtoto akiwa na tatizo kwenye mishipa mikuu inayotoka moyoni, kalsiamu ya chini, au tezi ya thaimasi isiyoonekana.
- Oksijeneta (sehemu ya mashine inayofanya kazi ya mapafu) ya saizi ya mtoto, mirija, na kichujio cha maji cha watoto (hutoa maji na vitu vidogo vilivyoyeyuka kwenye damu).
- Mashine ya kuosha damu yenye bakuli dogo (ml 125 au chini), na maji ya chumvi ya 0.9% lita 2.
- Dripu yenye madini yaliyolingana na ya damu, lita 2, albumini ya 20% (protini ya damu), heparini (huzuia damu kuganda), bikaboneti (hupunguza asidi), kalsiamu.
- Mashine ya gesi za damu inayosoma potasiamu, kalsiamu huru, laktati (asidi inayopanda oksijeni isipotosha), sukari na hematokriti. Ikiwa iko ghorofa nyingine, panga mtu wa kukimbiza sampuli. Bila vipimo hivi unaendesha gizani.

Hatua

1. Piga hesabu kama damu inahitajika kweli.

Usifungue mfuko kwa mazoea. Damu ya mtoto mchanga ni kama ml 80 hadi 85 kwa kila kilo. Tafuta chembe nyekundu alizonazo, kisha zile zitakazohitajika akichanganywa na maji ya mashine:

Damu ya kuongeza = [hematokriti unayotaka × (damu ya mtoto + ujazo wa mashine) − hematokriti ya mtoto × damu ya mtoto] ÷ hematokriti ya mfuko.

Mfano: mtoto wa kilo 5, hematokriti 33%, mashine inabeba ml 350, unataka 28%, mfuko una 60%. Mchanganyiko wote ni ml 750, na 28% yake ni ml 210 za chembe. Mtoto anazo ml 132. Pengo ni ml 78. Gawanya kwa 0.60 upate ml 130.

Sasa mtoto mwingine, wa kilo 6, mwenye midomo ya buluu na hematokriti 55%. Ana chembe ml 264. Hata ukijaza mashine dripu tupu ml 250, hematokriti itabaki karibu 36%. Huyu hahitaji damu kuanza. Uweke mfuko karibu, usiufungue. Kumbuka pia kwamba Nairobi iko juu, na mtoto aliyekulia hapa huwa na hemoglobini ya juu kidogo kuliko wa Mombasa, hivyo usikadirie kwa macho.

2. Kata mirija.

Hapa ndipo faida kubwa ilipo, na haigharimu kitu ila kisu na fikra. Mrija wa robo inchi hubeba karibu ml 32 kwa mita. Wa 3/16 hubeba karibu ml 18. Wa 1/8 hubeba ml 8. Sogeza pampu hadi karibu na meza, inua tangi la kupokea damu, tumia mvuto hafifu wa utupu (kati ya −20 na −40 mmHg) ili mrija mwembamba uweze kurudisha damu. Chagua oksijeneta kwa kiwango cha mtiririko wa mtoto, si kwa ile iliyobaki stoo: Terumo FX05 hujaa kwa ml 43, D100 kwa ml 31, ilhali D101 hutaka ml 87. Lakini D100 mwisho wake ni ml 700 kwa dakika. Usimfungie mtoto mkubwa kisa ni ndogo.

Bandu bandu huisha gogo. Rudia hesabu ya hatua ya 1 kwa mtoto yuleyule wa kilo 5, mashine ikiwa imeshuka kutoka ml 350 hadi ml 220: damu inayotakiwa inakuwa ml 69 badala ya 130. Umeondoa karibu nusu ya tatizo kabla hujafika benki ya damu.

Kosa la kawaida: kufupisha mirija bila kumwambia mpasuaji. Akitaka meza isogezwe katikati ya kazi, mrija unavutika na kanula (bomba lililoingizwa kwenye mshipa au moyo) inachomoka. Pimeni pamoja, meza ikiwa mahali pake.

3. Agiza damu sahihi, angalau siku mbili mapema.

Kwenye fomu usiandike "damu, mfuko mmoja" ukaondoka. Andika haya:

*Chembe nyekundu zilizotenganishwa, zisizozidi siku 7.* Tofauti si ya kinadharia. Kwenye mfuko wa wiki nne au zaidi, potasiamu ya maji yanayozunguka chembe inaweza kufika mmol 40 kwa lita. Chukua zile ml 130 za mfano wa kwanza: ml 52 ni maji hayo, yaani mmol 2 za potasiamu. Zikitawanyika kwenye plazma (sehemu ya maji ya damu) ya mtoto na mashine, kipimo kinaweza kupanda kwa karibu mmol 4 kwa lita. Moyo hauhitaji zaidi ya hapo ili usimame. Ni kweli utafiti mkubwa wa 2019 kwa watoto mahututi zaidi ya 1,400 haukuona faida ya damu mbichi juu ya damu ya kawaida. Lakini kujaza mashine ni jambo jingine: mtoto anapokea damu nyingi kwa dakika chache, si mililita chache kwa saa nne. Kama benki haina ya siku 7, chukua iliyopo yenye umri mdogo zaidi na usikwepe kuiosha.

*Iliyoondolewa chembe nyeupe siku ileile ilipotolewa.* Kichujio cha kando ya kitanda husaidia, ila hakiondoi saitokini zilizokwisha kumwagika ndani ya mfuko.

*Isiyo na selimundu, hata ile ya kurithi kwa mzazi mmoja.* Huku kwetu hili lina uzito. Mtoaji mwenye chembechembe hizo ni mtu mzima wa afya na hajijui. Damu yake mara nyingi huziba kichujio cha chembe nyeupe, na kwenye baridi ya mashine chembe zake huharibika upesi.

*Iliyopigwa mionzi ya Gy 25 (Gy ni grei, kipimo cha mionzi),* kama kuna shaka ya kromosomu ya 22 au damu imetoka kwa ndugu. Mionzi huua chembe nyeupe za mtoaji zinazoweza kumshambulia mtoto, lakini pia hutoboa chembe nyekundu, na potasiamu huvuja kwa kasi. Kwa hiyo mfuko upigwe mionzi kwanza, uoshwe baadaye, utumike ndani ya saa 24. Ukiuosha kisha ukaupeleka kwenye mionzi, umefanya kazi bure.

Sasa tuje kwa baba aliyekunja mkono wa shati. Familia zetu huambiwa zilete watu wa kutoa damu, na ni desturi njema. Kinachokosewa ni kuchukua damu ya baba, mama au shangazi na kumwekea mtoto huyohuyo. Ndugu wa karibu hufanana na mtoto kwa alama za kinga, hivyo mwili wa mtoto hauzitambui chembe nyeupe za mgeni wala hauzifukuzi. Zinakaa, zinazaana, kisha zinamla mwenyeji: ngozi, ini, utumbo, uboho. Hali hiyo ni nadra, lakini anayeipata ni mara chache sana apone. Damu ya mama ina tatizo la ziada, kwa kuwa huenda alipokuwa mjamzito alitengeneza kingamwili dhidi ya alama ambazo mtoto alizirithi kwa baba. Waambie hivi, kwa heshima: "Baba, asante. Damu yako itaingia benki imsaidie mtoto wa mwenzako, na wa mwenzako atamsaidia wako." Wengi huelewa mara moja.

Na ile imani kwamba damu nzima ya moto ndiyo bora? Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walilinganisha watoto 200 wa chini ya mwaka mmoja. Waliojaziwa mashine kwa damu nzima ya chini ya saa 48 hawakupata nafuu zaidi ya wale wa chembe nyekundu na plazma. Walibaki na maji mengi zaidi mwilini na walikaa muda mrefu zaidi kwa wagonjwa mahututi. Damu nzima mbichi ina nafasi yake mtoto anapovuja damu baada ya mashine. Si ya kujazia.

Jambo la kalenda: sehemu kubwa ya damu ya hiari Kenya hutoka kwa wanafunzi wa sekondari. Shule zikifunga Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, friji hukauka. Upasuaji wa kupangwa wa mtoto mchanga usiuweke wiki hizo bila kuthibitisha damu kwanza.

4. Osha.

Utafiti wa Rochester, New York, wa 2012 kwa watoto 162 wa upasuaji wa moyo ulionyesha kuwa waliopewa damu iliyooshwa walikuwa na dalili ndogo za uvimbe kwenye vipimo vya damu saa 12 baadaye, na walihitaji kuongezewa mara chache zaidi. Namna ya kufanya:

a) Acha mfuko utoke ubaridi kwa hewa ya chumba kama dakika 15. Usiuweke kwenye maji moto.

b) Mwaga kwenye tangi la mashine ya kuosha. Usivute kwa nguvu kupita −150 mmHg, chembe zitapasuka.

c) Jaza bakuli *kabisa* kabla ya kuosha. Mfuko wa ml 280 wenye hematokriti 60% una chembe kama ml 168. Bakuli la ml 125 litajaa mara mbili, maana likijaa, chembe ni 50% hadi 60% tu ya kilichomo. Kilichobaki hakijazi bakuli la tatu, kiache. Bakuli la nusu halioshi vizuri. Maji hupita pembeni na uchafu unabaki ndani.

d) Osha kwa ml 750 kwa kila bakuli. Tazama mrija wa taka: maji yatoke meupe, si ya pinki.

e) Toa sampuli. Unataka hematokriti ya 50% hadi 60%, na potasiamu iliyoshuka wazi.

f) Itumie ndani ya saa 4. Chembe zilizooshwa huanza kuvuja tena, kwa hiyo usioshe saa kumi na mbili asubuhi ilhali upasuaji ni saa tano.

Onyo: kuosha huondoa plazma yote, pamoja na vigandishi. Mtoto wa chini ya kilo 5 anaweza kuhitaji plazma ndani ya mashine, na karibu wote hao huhitaji chembe sahani baadaye. Ziwe zimeagizwa tayari.

5. Jaza mashine kwa mpangilio.

Pitisha kaboni dioksaidi dakika 5, jaza dripu, toa mapovu yote. Ongeza albumini na uizungushe ipake plastiki. Toa dripu ya ziada, kisha ingiza damu. Halafu: heparini *kwanza*, bikaboneti, na kalsiamu mwisho kabisa. Damu ya mfuko imezuiwa kuganda kwa sitreti, inayoshika kalsiamu. Ukitia kalsiamu kabla ya heparini, unafungua breki, na oksijeneta inajaa mabonge. Hilo ni kosa la kwanza la wanafunzi, na halirekebishiki.

6. Chuja kabla mtoto hajaunganishwa.

Zungusha mchanganyiko kupitia kichujio cha maji. Kila ml inayotoka, rudisha ml moja ya dripu. Endelea hadi umebadilisha angalau mara mbili ya ujazo wa mashine: ikibeba ml 220, tumia ml 440 au zaidi. Kisha pima:

- potasiamu chini ya 5 mmol/L
- kalsiamu huru karibu 1.0 mmol/L
- sukari isiyo mbali na ya mtoto
- laktati ya chini kadiri inavyowezekana
- joto karibu na la mtoto

Fahamu mpaka wa kichujio. Kinatoa potasiamu, laktati na sehemu ya saitokini. Hemoglobini iliyomwagika ni kubwa, haipiti kirahisi. Ndiyo maana hatua hii haifuti hatua ya 4. Na dripu yenyewe ikiwa na potasiamu ya 5, huwezi kuchuja ukashuka chini ya hapo. Tumia maji ya chumvi na bikaboneti kwa muda, kisha malizia na dripu.

7. Wakati wa kuendesha.

Endelea kuchuja kwa kubadilishana maji, hasa wakati wa kumpasha joto. Damu inayofyonzwa kutoka kifuani ndiyo chafu kuliko zote: imegusa mafuta, hewa na nyama. Mwombe mpasuaji atumie mfyonzo kwa kiasi, na hiyo damu ikiwa nyingi ipelekwe kwenye mashine ya kuosha badala ya tangi. Hematokriti ikishuka, toa maji kwanza kabla ya kufikiria damu. Lakini usiiache chini ya 24% kwa ajili ya ubahili. Utafiti wa Boston uliochapishwa 2003 ulionyesha kuwa watoto walioendeshwa karibu na 20% walikuwa wamechelewa kimwendo walipofika mwaka mmoja.

8. Baada ya mashine.

Kabla ya protamini (dawa inayobatilisha heparini), chuja damu ya mtoto mwenyewe: itoke kwenye mshipa wa ateri, ipite kichujioni, irudi kulia mwa moyo. Njia hii ilielezwa London mwaka 1991 na bado haijapitwa. Kasi ni ml 10 hadi 15 kwa kilo kwa dakika. Kwa kilo 5 ni ml 50 hadi 75. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, au hematokriti ifike 38% hadi 40%. Mabaki ya mashine yarudishwe kwa njia hii. Kuyamwaga kisha kufungua mfuko mpya ni kumpa mtoto mtoaji wa pili bila sababu.

Kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, mtoto aliyerekebishwa kikamilifu na aliyetulia anaweza kukaa na hemoglobini ya 7 hadi 8 g/dl. Mwenye ventrikali moja (chumba kimoja tu cha moyo kinachosukuma damu) huhitaji 9 au zaidi. Akihitaji nyongeza, ichukuliwe kwenye mfuko uleule uliogawanywa tangu mwanzo, kama bado uko ndani ya muda.

Na steroidi?

Jaribio kubwa la 2022 kwa watoto zaidi ya 1,200 wa Marekani lilitumia steroidi iitwayo methilprednisoloni, 30 mg kwa kilo. Halikuonyesha kwa uhakika kwamba matokeo yalikuwa bora, na sukari ilipanda zaidi kwa waliopewa. Daktari akiiagiza, itie. Haioshi mfuko.

Mambo yakienda kombo

*Potasiamu bado juu ya 6 baada ya kuosha.* Bakuli halikujaa, au maji ya kuoshea yalikuwa machache, au damu ilipigwa mionzi siku zilizopita. Osha tena mara moja, kisha ongeza kuchuja. Ikikataa, badilisha mfuko. Usianze.

*Maji ya taka hayaachi kuwa ya pinki.* Chembe zinapasuka. Angalia nguvu ya mfyonzo, mrija uliopinda, na kama kuna aliyetundika maji ya glukosi au maji tupu badala ya chumvi. Linatokea, chupa zinafanana.

*Kichujio cha chembe nyeupe kimeziba katikati.* Usikamue mfuko. Rudisha benki na omba kipimo cha selimundu cha mtoaji.

*Umeme umekatika bakuli likizunguka.* Jenereta ikiwaka, bakuli hilo lianze upya hatua ya kuosha yote. Usihesabu maji yaliyopita.

*Shinikizo la damu linaanguka dakika ya kwanza ya kuendesha.* Pima kalsiamu huru na potasiamu kabla ya kukimbilia dawa za kubana mishipa. Mara nyingi ni sitreti iliyobaki.

*Shinikizo linaanguka wakati wa kuchuja mwishoni.* Unavuta haraka kuliko moyo unavyojaa. Punguza kasi hadi ml 10 kwa kilo, rudisha ml 5 kwa kilo kutoka tangini. Ukiona povu kwenye mrija wa ateri, simamisha na funga kibanio papo hapo, kisha tafuta hewa inaingilia wapi.

*Mtoto anapoa wakati huohuo.* Mrija ni mrefu au kipasha joto kimezimwa mapema. Kiache kikifanya kazi hadi kanula zitoke.

*Mapafu yanajaa maji ghafla ndani ya saa 6 za kupewa plazma au chembe sahani, na moyo unafanya kazi vizuri.* Simamisha bidhaa hiyo, usitupe mfuko. Piga picha ya kifua, ongeza msaada wa hewa, na urudishe mfuko benki ukiwa na fomu ya madhara iliyojazwa, ili mifuko mingine ya mtoaji huyo izuiwe kabla haijafika kwa mtoto mwingine.